Panipat, mji wa vita vitatu na mablanketi ya dunia nzima

Watanzania tunaosoma huku India kaskazini safari zetu zinajulikana: Agra kuona Taj Mahal, Jaipur, na ukijaliwa hela kidogo unapanda Manali ukapige picha kwenye barafu. Panipat hakuna anayeenda. Watu wanaipita tu wakiwa kwenye basi la Chandigarh wamelala, hawajui hata kama wameipita. Mwenzangu wa darasani ambaye kwao ni huko huko, jimbo la Haryana, ndo aliniambia njoo nyumbani wikiendi mama anataka kukuona, nikaenda, na kwakweli toka nimerudi kila anayenipigia simu lazima asikie habari za Panipat, kwahiyo ngoja niandike yote sehemu moja.

Tuanze na njia. Panipat ipo kilomita kama 90 kaskazini mwa Delhi, unapanda basi stendi ya Kashmere Gate au unachukua treni, na barabara yenyewe ni ile GT Road (Grand Trunk Road) ya zamani sana, ambayo mfalme Sher Shah Suri aliitengeneza upya miaka ya 1500, alafu kwenye njia hiyo kukajengwa minara ya matofali kila baada ya umbali fulani ili msafiri ajue amefika wapi, na mingine bado imesimama mpaka leo pembeni ya malori yanayopita kwa kasi. Njiani kuna sehemu inaitwa Murthal, hapo karibu kila gari linasimama, kuna migahawa ya paratha usiku na mchana, yaani chapati za huku, nene zilizojazwa viazi au vitunguu alafu juu anakuwekea bonge la siagi nyeupe. Kuleni hapo. Mkifika Panipat mtatembea sana.

Sasa swali ambalo nilikuwa nalo toka siku nyingi ni kwanini vita vikubwa vitatu, 1526, 1556 na 1761, vyote vipiganwe mji ule ule mmoja. Ukifika unaelewa bila kuelekezwa na mtu. Ardhi imelala kabisa, hakuna kilima hata kimoja, ni mashamba ya ngano na mpunga mpaka macho yanapoishia. Jeshi lolote linalotoka Kabul likavuka Punjab kuitafuta Delhi linashuka na barabara hii, na mtawala wa Delhi hataki vita vimkute mlangoni kwake, anatoka anapanda juu kukutana nao, upande wa mashariki kuna mto Yamuna umewabana, basi wanajikuta hapa, sehemu yenye nafasi ya kupanga farasi na tembo na karibu vya kutosha na Delhi ya kuletewa chakula. Ndio maana. Wenyeji wamezaliwa juu ya njia ya wafalme bila kuulizwa kama wanataka.

Vita vya kwanza ni 21 Aprili 1526. Babur, mzaliwa wa Ferghana ambayo leo ipo Uzbekistan, alikuwa mtawala wa Kabul, akaja na watu kama 12,000. Ibrahim Lodi, sultani wa Delhi, kwa makadirio ya Babur mwenyewe alikuwa na watu laki moja na tembo karibu 1,000. Jamaa alichofanya Babur ni kujiwekea ukuta pasipo na ukuta: upande wa kulia akaegemea nyumba za mji, upande wa kushoto akachimba mitaro na kurundika matawi ya miti, mbele akapanga mikokoteni kama 700 imefungwa kwa kamba za ngozi, nyuma yake mizinga na watu wa bunduki, alafu akaacha nafasi za farasi kuchomoka. Jeshi la Lodi likaja kwa wingi wake wote, likafika mbele likabanana, waliotangulia wanataka kusimama na wa nyuma wanasukuma, huku wapanda farasi wa Babur wanazunguka pembeni kuwapiga mishale kutokea nyuma. Jua lilikuwa halijapanda sana walipoanza, mchana ikawa imeisha, sultani amekufa pale pale uwanjani na watu wake. Hapo ndipo ufalme wa Mughal India ulipoanzia, yaani Taj Mahal yote mnayoiendea Agra mizizi yake ipo hapa, kwahiyo mkienda kule bila kupita huku mmesoma kitabu kuanzia katikati.

Kaburi la Ibrahim Lodi lipo mjini, ni jukwaa la matofali tu, halina kuba wala mapambo, Waingereza walilikarabati 1866, na ni sehemu ambayo unaweza ukakaa nusu saa peke yako. Upande mwingine wa mji kuna msikiti wa Kabuli Bagh ambao Babur aliujenga baada ya kushinda, matofali mekundu, mzito, bado umesimama vizuri. Nilipenda kwamba mshindi na mshindwa wote wamebaki ndani ya mji mmoja, unatoka kwa huyu unaenda kwa yule kwa bajaji.

Vita vya pili nitapita haraka, sio kwamba ni vidogo ila nimeona kidogo. 5 Novemba 1556. Hemu, mtu wa familia ya biashara, hakuzaliwa mwana wa mfalme, alipanda serikalini mpaka akawa waziri na jemadari, Oktoba ya mwaka huo akaiteka Delhi akajitangaza mfalme. Hakumaliza hata miezi miwili. Upande wa pili Akbar mjukuu wa Babur, kijana wa miaka 14, jeshi lake likiongozwa na mlezi wake Bairam Khan. Hemu alikuwa anashinda, na hili wanakubali hata waandishi wa upande wa adui, mpaka mshale ukampata jichoni akiwa juu ya tembo wake. Watu wake walipoona kiti juu ya tembo hakina mtu wakatawanyika. Alikatwa kichwa, kichwa kikapelekwa Kabul na mwili Delhi. Mshale mmoja, kama ungepita pembeni kidogo tusingekuwa na Akbar tunayemsoma leo.

Sasa 1761. Hii ndo iliyonikaa.

Wamaratha kutoka Pune walikuwa ndo wenye nguvu India wakati huo, wakatuma jeshi kaskazini kumzuia Ahmad Shah Abdali, mfalme wa Waafghani. Jemadari alikuwa Sadashivrao Bhau, na pamoja nae Vishwasrao, mtoto wa Peshwa mwenyewe, yaani waziri mkuu aliyekuwa ndo mtawala wa Wamaratha, kijana mdogo kabisa. Ila pamoja na wapiganaji walikuja na watu wa kawaida wengi mno, wake zao, watoto, watumishi, wafanyabiashara, na mahujaji ambao waliona hii ndo nafasi ya kwenda kuoga kwenye mito mitakatifu wakiwa na ulinzi. Fikiria mama mzima ametoka Pune, zaidi ya kilomita 1,000, anafuata msafara wa vita kwa ajili ya hija. Mwishoni mwa Oktoba 1760 Abdali akauvuka Yamuna na kukaa kusini yao, akawakatia njia ya kurudi Delhi, kwahiyo waliokuja kuilinda Delhi wakawa wao ndo wapo kaskazini na mvamizi yupo katikati yao na nyumbani. Wakachimba handaki kuzunguka kambi pale Panipat wakakaa zaidi ya miezi miwili. Chakula kikaanza kuisha. Yule aliyekuwa anavuruga njia za chakula za adui, Govind Pant Bundele, akauawa Desemba. Ng'ombe wa kukokota mizinga wakafa, farasi wakadhoofu, na baridi ya huku Januari mimi naijua, ni ukungu mpaka saa tano asubuhi huoni mkono wako, sasa weka na njaa juu yake na watoto.

Tarehe 14 Januari 1761 wakaona bora kufa wakipigana kuliko kufa njaa. Walitoka alfajiri wamejipaka manjano usoni na ncha za vilemba wamezifungua, yaani alama kwamba hatutegemei kurudi. Asubuhi walifanya vizuri, mizinga ya Ibrahim Khan Gardi, Muislamu aliyekuwa upande wa Wamaratha, iliwavuruga sana Waafghani, na hapa wale wanaopenda kuisimulia hii kama vita vya dini wapunguze kidogo kwasababu pande zote zilikuwa na mchanganyiko wao. Mchana Vishwasrao akapigwa risasi, Bhau akashuka kwenye tembo akapanda farasi akaingia katikati ya vita, watu wakaona tembo wa jemadari hana mtu, ile ile ya Hemu ikajirudia. Jioni jeshi lilikuwa limekwisha. Na kesho yake ndo mbaya zaidi, wanaume waliokamatwa waliuawa kwa maelfu, wanawake na watoto wakachukuliwa watumwa.

Peshwa aliletewa habari kwa barua iliyoandikwa kifumbo cha kibiashara: lulu mbili zimeyeyuka, mohur 27, yaani sarafu za dhahabu, zimepotea, fedha na shaba hazina idadi. Lulu ni Bhau na Vishwasrao, mohur ni makamanda. Shaba ni wale wengine wote. Nilipoisoma hiyo niliganda kwasababu ndo hivo hivo historia yote tunavofundishwa, lulu tunazijua kwa majina na siku waliyokufa, na yule mama hujaji kutoka Pune ni shaba. Peshwa mwenyewe alikufa Juni mwaka huo huo, wanasema kwa huzuni.

Sehemu yenyewe inaitwa Kala Amb, nje kidogo ya mji, ni bustani yenye mnara wa matofali umezungushiwa uzio. Kulikuwa na mwembe hapo, wenyeji wanasema uligeuka mweusi kwa damu iliyomwagika chini, mti ulishakauka zamani. Kila tarehe 14 Januari watu wanasafiri toka Maharashtra kuja kukumbuka. Siku niliyoenda hakukuwa na sherehe yoyote ila nilimkuta mzee mmoja na mkewe wametoka Maharashtra kwa treni, wamevua viatu, yule mama ameinama anachota udongo kidogo anafunga kwenye leso. Nikaamkia kwa mikono miwili kama wanavoamkiana huku, akaniuliza natokea nchi gani, nikamwambia Tanzania, akasema basi na wewe umekuja mbali kuwaona watu wetu, Mungu akubariki mwanangu. Mwenzangu ndo alikuwa ananitafsiria na sauti yake ilibadilika. Karibu miaka 265 na mtu bado anasema watu wetu.

Na niweke hii kwasababu haisemwi vya kutosha: waliokimbia na kufika nchi ya Suraj Mal, mfalme wa Wajat kule Bharatpur, walipokelewa wakalishwa na kutibiwa, pamoja na kwamba yeye na Bhau waligombana kabla ya vita akajitoa. Na hapo hapo Haryana kuna jamii ya Waror, wengi wao wanajihesabu ni kizazi cha Wamaratha waliobaki kujificha baada ya siku ile. Mimi napenda sana hizi habari za waliobaki.

Kabla sijaenda kwenye nguo niseme kidogo dargah, yaani kaburi la mtakatifu, ya Bu Ali Shah Qalandar, Sufi wa karne za 1200 na 1300, ipo katikati ya soko. Anaingia Muislamu, Mhindu, Kalasinga, wote, watu wanafunga makufuli pembeni ya kaburi kila mmoja na haja yake. Ndani ya eneo hilo hilo kazikwa Altaf Hussain Hali, mshairi mkubwa wa Kiurdu, mtoto wa Panipat. Kaeni hapo mpumzike, mtoke mle, achari ya Panipat nayo ni maarufu, mchukue kopo moja.

Haya, nguo. Na hapa naandika kama mtoto wa muuza mitumba, mama yangu ana meza soko la Memorial pale Moshi toka mimi nipo chekechea, ada zangu zimetoka kwenye masweta na majaketi ya watu wa Ulaya.

Panipat ilikuwa na wafumaji toka zamani, mablanketi na vitambaa vizito vya kujifunika, na wengi wa mafundi hao walikuwa Waislamu. Mwaka 1947 India ilipogawanywa wakaondoka kwenda Pakistan, na upande wa pili wakaja wakimbizi Wahindu na Makalasinga kutoka miji kama Jhang na Multan, wakakabidhiwa nyumba zilizoachwa. Babu yake mwenzangu alikuja akiwa mtoto kutoka Jhang, familia nzima kwenye treni na hawajabeba kitu zaidi ya nguo za mwilini, na baba yake akaanza upya na mtambo wa kufumia wa mkono. Kwahiyo wafumaji wamebadilishana nchi. Waliokwenda kule wakafuma kule, waliokuja huku wakafuma huku, ufundi ule ule, na katikati mpaka ambao mpaka leo kuuvuka ni shughuli. Yule mzee sasa hivi ana miaka zaidi ya 80, wote pale nyumbani wanamwita Babaji na mimi nikamwita hivo hivo, jioni ananikalisha ananionyesha kwa vidole jinsi mtande unavokazwa na mshindio unavopita. Alipoongelea kijiji chao aliacha mikono ikabaki hewani. Wajukuu wakanyamaza na mimi nikanyamaza.

Ya mkono bado ipo. Tulienda kwenye banda moja wanafuma mabusati ya pamba, wafumaji wawili wanakaa bega kwa bega mbele ya mtambo, kila akipitisha uzi anaushindilia chini na kifaa cha chuma chenye meno, kinaitwa panja, kina umbo la kiganja cha mkono. Mlio wake unausikia toka mtaa wa pili. Kazi nzuri mno, busati linakaa miaka na miaka. Ila sehemu kubwa ya mji sasa ni mitambo ya umeme, mapazia, mashuka ya kutandika, mazulia ya kuweka bafuni, vifuniko vya mito, vinakwenda Marekani na Ulaya kwa makontena. Ukiingia duka kubwa la vyombo vya nyumbani Ulaya ukashika kizulia cha pamba ukageuza nyuma, kuna uwezekano mkubwa kimetoka Panipat.

Alafu ndo tukaenda kwenye nguo chakavu, na hii ndo nilikuwa nayo hamu kuliko yote.

Wengi wetu tunadhani mitumba ikitoka kwa mzungu inakuja moja kwa moja kwetu. Mingine inakuja hivo, ila mingine inapita India kwanza. Pale bandari ya Kandla, jimbo la Gujarat, kuna eneo maalum la biashara ambapo makontena ya nguo kutoka Marekani, Canada na Ulaya yanafunguliwa, wanawake wanachambua, zile zinazovalika zinafungwa upya kwenye mabelo zinasafirishwa kwenda nchi nyingine, Afrika tukiwemo. Zile zisizovalika zinakuja Panipat. Na sheria ya India haitaki nguo iliyovaliwa iingie kuuzwa mtaani ikaua mafundi na viwanda vyao, kwahiyo inayoingia kama malighafi inatakiwa iwe imeshakatwa, sweta limechanwa, koti limepasuliwa mgongo. Nikakumbuka 2016 nchi za Afrika Mashariki tulivosema tutaachana na mitumba ifikapo 2019, Marekani ikatishia kututoa kwenye AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa zetu kwao bila ushuru, wengi tukarudi nyuma, Rwanda ikabaki na msimamo na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru. Mimi kwenye hilo nina mioyo miwili, na sioni aibu kusema. Nataka viwanda vyetu vya nguo viamke, na mama yangu ana meza Memorial.

Kiwanda tulichoingia mlangoni kuna mlima wa nguo unagusa paa. Masweta, makoti ya sufu, suruali, sare za watu wa makampuni huko. Wanawake wamekaa chini kwenye sakafu, mbele ya kila mmoja kuna kisu kirefu kimesimamishwa wima kimekazwa, yeye hashiki kisu, anashika nguo anaivuta juu ya makali, chwaa, kifungo kimetoka, chwaa, zipu, chwaa, lebo, chwaa, bitana. Mikono inakwenda bila kuangalia. Vifungo vinawekwa kwenye ndoo, zipu zinauzwa kwingine, hakuna kinachotupwa. Alafu wanapanga kwa rangi, na hapa ndo ufundi wenyewe, kwasababu uzi wa hapa wengi hawautii rangi, rangi inatoka kwenye nguo yenyewe, kwahiyo nyekundu zinakaa peke yake, na ndani ya nyekundu kuna nyekundu ya damu, ya tofali, ya pilipili iliyokauka, jicho la yule dada linajua tofauti ambazo mimi nilikuwa sizioni. Mama yangu anazo hizo mbinu za macho, anaweza kupointi sweta la sufu halisi kwenye belo kwa kuligusa tu, nilitamani angekuwepo akae nao chini.

Baada ya hapo vipande vinaingia kwenye mashine yenye meno inachana mpaka kitambaa kinarudi kuwa nyuzinyuzi, kinachanganywa na polista au akriliki kidogo ili kiwe na nguvu, kinachanwa tena laini, kinasokotwa uzi, uzi unafumwa blanketi, blanketi linapitishwa kwenye brashi kuinua manyoya juu. Yale mablanketi mazito ya kijivu ya msaada mnayoyaona kwenye picha za mafuriko na kambi za wakimbizi, kwa miaka mingi sehemu kubwa yalikuwa yanafumwa hapa, mashirika ya misaada ndo walikuwa wateja wakubwa. Watu wa boarding mtayajua, lile la kijivu lenye mistari, linalowasha shingo ila usiku wa baridi linakuokoa.

Ile biashara sasa inabanwa. Mablanketi laini ya polista kutoka China yaliingia, mepesi, rangi zinawaka, yanafulika haraka, na wateja wengi wakahamia huko, baadhi ya wenye viwanda vya Panipat wenyewe wakanunua mashine za kutengeneza hayo hayo. Siwezi kuwalaumu. Ila polista mpya inatoka kwenye mafuta, na hili la zamani linatoka kwenye sweta ambalo tayari lilishavaliwa na lingefukiwa ardhini, halihitaji pamba mpya wala kondoo mpya wala pipa la rangi. Watu wa mazingira wanapiga makongamano kuhusu kurejeleza nguo kama kitu kipya, wakati hapa wanakifanya toka enzi za mababa zao bila kupigiwa makofi.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba ni pazuri. Vumbi, ndugu zangu. Ndani ya chumba cha mashine ya kuchana hewa ni ya kijivu, nyuzi ndogo ndogo zinaelea, zinakaa kwenye kope, ukitoka nje unakohoa, na wengi niliowaona wamejifunga kitambaa tu usoni, hicho hicho kitambaa chakavu. Vumbi la namna hii linaharibu mapafu polepole, sio siri, linajulikana toka viwanda vya pamba vya Uingereza enzi hizo. Wafanyakazi wengi wametoka mbali, Bihar na Uttar Pradesh, wanapanga chumba kimoja watu kadhaa, wanatuma hela nyumbani. Nilimuuliza dada mmoja kupitia mwenzangu kama kifua kinamsumbua, akajibu usiku ndo kinabana, mchana anakuwa hana muda wa kukisikiliza. Alafu akaniuliza didi, yaani dada, kwenu nguo hizi nani anavaa. Nikamwambia sisi wote, hata mimi. Akashika mkono wa sweta langu akaangalia mshono, akasema hili halikukatwa, lilipita.

Mask nzuri haiwi bei kubwa kuliko faida ya kontena moja. Feni za kuvuta vumbi zipo, zinauzwa hapo hapo India. Nalisema kwa uchungu kabisa kwasababu nimesomeshwa na kazi ya mikono yao, sweta zima limekwenda Moshi kwa mama, lililochoka limekuja kwao, ni mzigo mmoja.

Kwa watakaokwenda: nendeni Februari au Machi, au Novemba, Januari ni ukungu treni zinachelewa na Juni joto lake sio la kutembea. Asubuhi mmalize kaburi la Lodi na Kabuli Bagh, mchukue bajaji mpaka Kala Amb kabla jua halijawaka, kuna makumbusho pia ya hivyo vita, mchana dargah, alasiri viwandani. Viwandani usiende tu ukapiga picha, tafuta mwenyeji, omba ruhusa, na wanawake wa watu uwaulize kabla ya kunyanyua simu. Na kama mnapenda michezo, Neeraj Chopra, yule wa mkuki aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo, ni mtoto wa kijiji cha Khandra wilaya hiyo hiyo, kila kijana niliyemwambia natoka Afrika Mashariki aliniuliza habari za Julius Yego, mkiwa Wakenya jiandaeni kwa maongezi marefu.

Mama nilimtumia voice note ndefu mno WhatsApp, vita, Babaji, wale wanawake na visu. Amesikiliza zote, kwenye ile ya vumbi amejibu tu Mungu awasaidie. Swali lake likawa moja, kama uzi wanauza kwa kilo, kwasababu jirani yake ana mashine ya kufuma masweta ya shule na uzi Moshi umepanda bei. Nimeuliza. Wanauza, koni kwa koni, ila fundi ameshauri kwa masweta ya watoto tusichukue huu wa nguo chakavu kwasababu nyuzi zake ni fupi unanyonyoka haraka, tuchukue wa akriliki. Nimemtumia picha za kijani na damu ya mzee, nevi bluu wamesema inaingia wiki ijayo.